Bata wa Mti na Sanamu ya Mjomba

Mwaka juzi, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na vumbi la kiangazi limetanda mji mzima, nilikwenda kwenye karakana ya mjukuu wangu huko Somanda, hapa Bariadi mjini, kuchukua kiti changu alichokuwa akikitengeneza mguu. Nilimkuta amesimama kando ya mashine yake ya kuchonga, ile inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wenzake huiita CNC tu. Mashine hiyo nilikuwa nimeiona mara nyingi ikichonga maua kwenye milango na kwenye vichwa vya vitanda, kwa kuwa siku hizi hakuna bwana harusi anayekubali kitanda kisicho na maua. Siku hiyo ilikuwa ikichonga bata.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Huyu bata ni wa nani?”

“Si wa mtu. Ni mchoro wa majaribio tu. Nataka kuona kama mashine itaweza kitu cha mviringo, kisicho bapa kama mlango.”

“Na kazi yake nini?”

“Wazungu humweka majini, Babu. Bata wa porini wakipita juu humwona, wakadhani ni mwenzao na kwamba mahali pale pana chakula na usalama. Wakiteremka, mwindaji aliyejificha anawapiga bunduki.”

Nilicheka, kisha nikakaa juu ya kipande cha gogo na kuwaza. Kwetu Usukumani, tangu utoto wangu, nilijua sanamu ya aina moja tu inayohusiana na ndege. Ni ile tunayoisimamisha katika shamba la mtama au kwenye majaruba ya mpunga, imevikwa shati bovu na kofia, ili kuwafukuza kweleakwelea. Sisi tunatengeneza mtu ili ndege waondoke, na wenzetu wanatengeneza ndege ili ndege waje. Lakini nilipoendelea kuwaza nikakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na sanamu ya kuita, ila yetu haikuita ndege. Iliita watu. Na aliyeichonga, katika ukoo wetu, alikuwa mjomba wangu. Habari ya sanamu hiyo, na jinsi ilivyotutoka mikononi, nimeikalia kimya kwa miaka arobaini. Naona umri wangu sasa umefika mahali pa kuiandika.

Nianze na bata, maana ndiye aliyenikumbusha. Ujanja huu wa kumdanganya ndege kwa ndege wa bandia ni wa zamani sana. Mwaka 1924, katika pango liitwalo Lovelock, jimbo la Nevada huko Marekani, watafiti walifukua bata 11 waliotengenezwa na wenyeji wa asili wa nchi ile kwa matete yaliyofungwa pamoja, wengine wakiwa wamepakwa rangi na kuvikwa manyoya ya bata wa kweli. Umri wao umekadiriwa kuwa miaka ipatayo elfu mbili. Walikuwa wamefungwa vizuri na kufichwa chini ya sakafu ya pango, kama mtu anavyoweka jembe lake akisubiri masika. Aliyewaficha hakurudi.

Wazungu walipohamia nchi ile waliuchukua ujanja huo wakauhamishia kwenye mti. Katika karne ya 19 bata wa porini walikuwa biashara kubwa. Wawindaji wa soko waliweka majini mamia ya bata wa mti kwa wakati mmoja, wakaua ndege kwa maelfu na kuwasafirisha kwa treni hadi mijini. Sheria ya mwaka 1918 iliyolinda ndege wanaohama ilikomesha biashara hiyo, na mwaka 1935 ikakatazwa pia kutumia bata hai kuwavuta wenzao. Bata wa mti hakukatazwa. Akaendelea kuchongwa kwa ajili ya wawindaji wa starehe, na baadaye kwa ajili ya watu wasiowinda kabisa, wanaomtaka apendeze juu ya kabati.

Hata mashine haikungoja kompyuta. Mwaka 1819 fundi Mmarekani, Thomas Blanchard, alipewa hataza ya mashine ya kukereza ambayo ilifuata umbo la kielelezo na kukata mti mwingine ufanane nacho, ingawa umbo lenyewe halikuwa la mviringo kamili. Ilitumiwa kutengeneza vitako vya bunduki. Mashine za namna hiyo ndizo zilizowezesha viwanda vya bata, kama kile cha Mason huko Detroit, kukata miili ya bata kwa wingi, kisha wafanyakazi wakamalizia na kupaka rangi kwa mkono. Kwa hiyo fundi mwenye kisu alianza kupata mshindani miaka mia mbili iliyopita. Kompyuta ilikuja baadaye sana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, alifikiri kwamba kisu cha mashine kingeweza kuongozwa na namba badala ya mkono. Mwaka 1952 chuo cha teknolojia cha Massachusetts kilionyesha hadharani mashine ya namna hiyo, iliyosoma amri zake kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu.

Mashine ya mjukuu wangu ni kitukuu cha ile. Ilitoka China, ikashushwa Dar es Salaam, ikaja Bariadi juu ya lori. Yeye mwenyewe alijifunza kuitumia Keko, kwa mafundi wa samani. Kazi yake ukiitazama si ya kimuujiza. Kipo kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi, wao hukiita biti, na biti hiyo huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, kama kompyuta inavyoiambia. Kwanza huwekwa biti nene inayoondoa mti mwingi kwa haraka, kisha huwekwa nyembamba yenye ncha ya mviringo, inayopita taratibu mstari kwa mstari kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayejaza ukurasa. Kwa kuwa mashine hiyo hukata kutoka juu tu, bata hawezi kuchongwa mzima. Huchongwa nusu ya kulia na nusu ya kushoto, halafu zikaunganishwa kwa gundi. Mistari iliyoachwa na biti huondolewa kwa msasa.

Sasa nirudi kwetu. Msomaji asiyetoka Usukumani huenda hajui kwamba ngoma zetu ni mashindano. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Pande hizo zilianzia kwa mafundi wawili wa ngoma na wa dawa waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Kila kikundi, kiwe cha wacheza na nyoka, cha wacheza na nungunungu au cha wacheza na majembe, hujua kiko upande gani. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, vikundi viwili vya pande hizo hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Mwamuzi ni watazamaji wenyewe. Wapo huru kutembea, na kikundi kitakachokusanya watu wengi ndicho kilichoshinda.

Kwa sababu hiyo elimu yote ya manju ni elimu ya kuvuta watu. Atatunga nyimbo za kuchekesha na za kuuma. Atatafuta dawa, maana inaaminika kwamba ipo dawa ya kuvuta watu na dawa ya kumfungia mwenzako. Na atakuwa na kitu amekificha. Kwa wengine ni chatu, kwa wengine fisi hai. Kwa wengine ni sanamu ya mti, hasa yenye viungo vinavyochezeka. Kitu hicho hakitolewi mapema. Hutolewa pale watu wanapoanza kuhama, ili kuwarudisha.

Mjomba wangu alikuwa mchongaji wa upande wa Bagalu, katika vijiji ambavyo leo vimo wilayani Itilima. Siku za kawaida alichonga vinu, mipini na vigoda. Sanamu alichonga mara chache, kwa siri, nyuma ya nyumba. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane nilipoiona ile moja ikitumika. Ilikuwa sanamu ya mwanamke, urefu wake kunifikia kifuani, yenye shanga za kweli shingoni. Mikono yake ilishikizwa mabegani kwa vigingi, na kamba ilipita ndani ya kifua hadi nyuma, ambako mtu alijificha ndani ya kitambaa. Siku ile upande wa Bagika walikuwa na chatu, na watu walikuwa wakitutoka kwa mafungu. Nakumbuka uwanja wetu ukiwa mtupu hadi nikaona nyasi. Ndipo sanamu ikatolewa. Ilikaa kimya kwanza. Kisha mkono wa kushoto ukapanda hadi mdomoni, kama mwanamke anayetaka kupiga vigelegele, na vigelegele vikasikika kweli kutoka ndani ya kitambaa. Watu wakarudi mbio wakikanyagana. Aliyevuta kamba na kupiga vigelegele alikuwa binti wa mjomba, binamu yangu, ambaye ananizidi miaka mitatu.

Miaka ilipita. Mimi nilipata bahati ya kwenda shule, kisha chuo cha ualimu. Lazima nikiri kwamba nilirudi na mizani mpya mkononi. Kwa watu wa dini sanamu zile zilikuwa ushirikina. Kwetu sisi vijana wa ualimu zilikuwa ishara ya kutoendelea. Tulifundisha utamaduni darasani, tukafundisha wanafunzi kucheza ngoma siku za sherehe, lakini ngoma hizo tulikuwa tumezifua na kuzipiga pasi. Nilipokuwa mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza, niliwahi kuwaadhibu watoto watatu kwa kutoroka shule kwenda kutazama mashindano. Mmoja wao alikuwa amechonga kinyago kidogo kwa ubao wa dawati bovu. Nilikitia motoni mbele ya paredi. Mtoto yule hakulia, alinitazama tu.

Zipo sababu nyingine zilizoua uchongaji huo, wala sitaki kuzibeba zote mimi. Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini, na katika kuhama mtu hubeba chungu na ndama kabla ya kubeba sanamu. Na miti yenyewe ilikuwa imekwisha. Katika miaka ya ukoloni mapori yalifyekwa ili kumfukuza mbung'o, yakafuatia mashamba ya pamba, ikafuatia mifugo na kuni. Kufikia miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake hadi Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, ulikuwa ukisemwa kuwa unageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao jambo lake la busara kuliko yote lilikuwa kuwarudishia watu kitu chao wenyewe. Kitu hicho ni ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani na miti ipate kuota. Miti ilirudi kiasi, na mwaka 2002 kazi hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini mchongaji hafugwi kama mti. Mjomba alikufa mwaka 1979 bila mwanafunzi hata mmoja.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1984 ulikuwa wa njaa. Mvua zilikatika mtama ukiwa magotini. Siku moja mjane wa mjomba aliniita. Alikuwapo mnunuzi kutoka mjini aliyekuwa akipita vijijini kukusanya vitu vya kale. Ameiona ile sanamu ghalani, anaitaka. Mjane hakujua la kufanya, kwa kuwa ilikuwa mali ya ngoma kama ilivyokuwa mali ya nyumba. Akasema, “Wewe ndiye msomi wetu, baba. Tuambie.” Niliitazama. Ilikuwa imeliwa na mchwa unyayoni, na mkono wa kushoto ulikuwa umetoka kigingi chake na kulala pembeni. Nikasema ni gogo tu, auze ale. Ikauzwa kwa bei ya gunia moja la mahindi. Mnunuzi alikuwa na haraka, na katika kuifunga kwenye gunia aliusahau ule mkono.

Mtu anaweza kusema kwamba watoto walikula, na hilo ni kweli. Sitasema kwamba wangelala na njaa kwa heshima ya mti. Kosa langu halikuwa kuruhusu mauzo. Kosa langu lilikuwa kutamka kwamba ni gogo tu, kwa mdomo wa mwalimu mkuu, mbele ya mwanamke aliyemwona mumewe akilichonga kwa miezi minne. Na kosa la pili ni kwamba sikuuliza jina la mnunuzi wala aendako.

Bei ya kitu cha mti ni jambo la ajabu. Yule bata wa Wazungu, aliyechongwa ili apigwe na mawimbi na kutupwa, leo ana wakusanyaji wake na minada yake. Mwaka 2007 bata mmoja na bata bukini mmoja waliochongwa na Elmer Crowell wa Massachusetts, aliyefariki mwaka 1952, waliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kila mmoja. Huku kwetu Afrika Mashariki pia mti umelisha watu wengi. Wakamba wa Wamunyu, nchini Kenya, husimulia kwamba mwenzao Mutisya Munge alijifunza uchongaji wa biashara Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani, na kutokana na mtu huyo mmoja wakaenea wachongaji hadi Nairobi na Mombasa, ambako ushirika wa Changamwe ulianzishwa mwaka 1963. Wamakonde nao waliugeuza mpingo kuwa jina lao duniani. Sisi Wasukuma hatukuchonga kwa ajili ya duka. Tulichonga kwa ajili ya siku moja ya Julai, kitu kifichwe, kitolewe, kirudishwe ghalani. Labda ndiyo sababu hatukujua thamani yake mgeni alipoiulizia.

Nilipostaafu nilikwenda Bujora, karibu na Kisesa, nje ya jiji la Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeianzisha kazi hiyo katika miaka ya 1950, akikusanya ngoma, vigoda vya watemi na vifaa vya Bagika na Bagalu. Huko pia, kila mwaka katika msimu wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo. Nilizunguka vyumbani polepole nikitafuta uso ninaoujua. Nilikuta ndugu zake, lakini yeye hakuwapo. Sanamu za Wasukuma zimo katika makumbusho na nyumba za matajiri huko Ulaya na Marekani, nyingi zikiwa hazina jina la mchongaji. Huenda yetu imesimama mahali fulani penye mwanga mzuri, ina mkono mmoja, na chini yake pameandikwa kwamba aliyeichonga hajulikani.

Haya yote nilimweleza mjukuu wangu siku ile ya bata, nikiwa juu ya gogo. Aliizima mashine asikilize. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: “Mkono uko wapi?”

Mkono ulikuwa kwa binamu yangu. Tulikwenda pamoja. Alitupokea kwa utani wake wa siku zote, akauliza mwalimu amekuja kumchapa nani. Nilipomweleza haja yetu alinyamaza, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye khanga. Ulikuwa umekuwa mweusi kwa moshi, na alama za tezo bado zilionekana karibu na kiwiko. Hapo ndipo nilipomwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyatunga njiani na ambayo yote yalinipotea. Alinijibu, “Mama alijua wewe ni mtoto wa shule. Alikusamehe siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyekataa.” Kisha akamgeukia mjukuu wangu akamwuliza atafanyaje.

Kijana akaeleza. Angeupiga mkono picha nyingi kwa simu kutoka kila upande, programu ingezigeuza kuwa umbo ndani ya kompyuta. Mkono wa kulia angeupata kwa kuugeuza ule wa kushoto kama kwenye kioo. Mwili na uso wangeuchora kwa kumbukumbu zetu sisi wawili. Binamu yangu akacheka hadi akashika ubavu. “Ukigeuza kama kioo, haitapiga vigelegele,” akasema. “Mkono huu ni mfupi kuliko ule wa kulia. Baba aliufanya makusudi. Mwepesi hupanda kwanza na mzito hubaki. Ukiifanya sawa, kamba itanyanyua yote miwili, utapata mwanamke aliyekamatwa na polisi.”

Nilikuwa nimeutazama mkono huo mwaka 1984 bila kuona chochote. Mjukuu wangu angeutazama kwa kompyuta yake, ambayo hupima hadi sehemu ya milimita, naye asingeona pia, kwa kuwa kilichotakiwa kuonwa hakikuwa kwenye mkono huo, kilikuwa kwenye ule usiokuwapo.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Kiwiliwili cha kwanza kiliharibika umeme ulipokatika, kwani uliporudi mashine ilipoteza mahali pake na biti ikakata shavu. Cha pili kilitoka vizuri, nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Binamu yangu alipoletwa kukiona alikipapasa na kusema ni kizuri lakini ni kilaini kama sabuni, wala mwangaza hauna pa kushika. Basi kijana akachukua patasi na tezo, vitu alivyokuwa akivitumia kwa nadra, akapitia upya uso na mabega kwa mkono, mwanamke yule akiwa amekaa kwenye kigoda anamwelekeza. Mkono wa kulia waliuchonga wenyewe, bila mashine, wakipunguza na kupima uzito kwa kuuning'iniza kwenye kamba, hadi wa kushoto ukapanda peke yake.

Julai mwaka jana kikundi kimoja cha Bagalu kilituomba tuipeleke uwanjani. Sitaki kutia chumvi. Siku hizi watu wana simu na vipaza sauti, na upande wa pili walikuwa na muziki wa jenereta. Sanamu ilipotolewa, waliohama kuja kwetu hawakuwa umati wote. Walikuja watoto kwanza, kisha wanawake wenye umri, kisha vijana waliotaka kupiga picha. Kamba ya kwanza aliivuta binamu yangu, akiwa ndani ya kitambaa na karibu miaka themanini, na vigelegele vilikuwa vyake. Ya pili akamwachia mjukuu wa kike. Tulishindwa mashindano kwa watu wachache. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami aliuliza ni nani aliyechonga. Mjukuu wangu akamtajia jina la mjomba, jina ambalo halikuwa limetamkwa kwenye uwanja wa ngoma tangu mwaka 1979, halafu akasema, “Mimi nimenakili tu.”

Umbo la sanamu sasa limo ndani ya kompyuta yake. Ananiambia haiwezi tena kuuzwa ikaisha, kwa kuwa anaweza kuichonga nyingine kesho na kesho kutwa. Nimemjibu kwamba hilo ni jema, lakini atakayeikuta baada yetu ataiona mikono isiyolingana, naye kwa kutaka kusaidia ataisahihisha. Kwa hiyo nimemwandikia ukurasa mmoja wa kuwekwa pamoja na mchoro. Una jina la mjomba, kijiji chake, upande wake wa ngoma na jina la aliyevuta kamba. Mstari wa mwisho unasema mkono wa kushoto ni mfupi kwa makusudi, usirekebishwe. Yule bata yupo dirishani kwa mjukuu, hajapakwa rangi. Kuku wa jirani huja kumtazama.